Picha ya Mama katika Kabati la Obaa

Tetsu alinipigia simu Jumamosi moja nikiwa nafua nguo, akaniambia mama yake amefariki. Alisema hilo tu, mashine ya kufulia ikaendelea kuzunguka. Nikamwambia, "Pole." Nililisema kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza hakina neno lake, na yeye alilielewa; mama yake alikuwa amejifunza kwangu, akawa anawaambia watu wote, hata wale wanaoleta vifurushi mlangoni. Tetsu akasema wataweka picha na udi nyumbani Seven Hills siku ya Jumapili, nikipenda nije. Nikajibu nitaona. Nilipokata simu binti yangu Furaha akauliza, "Who was that, Mum?" Nikamwambia, "Mtoto wa Obaa." Akanitazama, halafu akaanza kutoa nguo kwenye mashine yeye mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida huwezi kumwona akiigusa.

Obaa, kwa lugha ya Okinawa, ni bibi. Jina lake lilikuwa Haru, lakini Waokinawa wote wa hapa walimwita Obaa, nami nikamwita hivyo. Visiwa vyao viko kusini kabisa mwa Japani, na siku ya kwanza niliyopelekwa kwake kumhudumia aliniambia, kabla hata sijamaliza kuvua viatu, "Mimi si Mjapani hivi hivi. Mimi ni Mwokinawa." Nikamjibu kwamba mimi nami si Mkongo hivi hivi, ni mtu wa Uvira. Akacheka mpaka akashika ukuta. Tulizungumza Kiingereza chetu, chake cha dukani na kiwandani, changu cha darasa la wakimbizi kule Fairfield, na maneno yake ninapoyaandika hapa kwa Kiswahili yanatoka yamenyooka kuliko tulivyoyasema. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya kutunza wazee, huwa nasema sikuacha, niliondolewa. Wengi hawaulizi zaidi. Mwaka wenyewe ni ule wa pili wa korona, ambao sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa kuliko wengine, na nitaueleza kama ulivyokuwa.

Sebule yake ilikuwa ndogo na yenye joto kupita kiasi, kwa sababu kipasha joto cha umeme hakikuzimwa tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, miezi ya baridi ya huku. Kulikuwa na kochi la kijani lililofunikwa taulo, meza fupi, televisheni, na ukutani ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya nyoka ambayo hakuna aliyeipiga tena. Upande mmoja lilisimama kabati jeusi la wafu. Ndani mlikuwa na vibao vyekundu vilivyoandikwa majina ya marehemu wao kwa dhahabu, picha ya mumewe marehemu, Seikichi, na vikombe vidogo vya chai. Kila asubuhi nilipoingia nilimkuta amekwisha kuwapa chai yao kabla ya kunywa yake. Upande wa pili kulikuwa na kabati jingine la kawaida, limejaa kanda za video kuanzia chini mpaka juu. Seikichi alikuwa fundi wa kiwanda kwa siku sita za juma, na siku ya saba alikuwa mtu wa kamera. Alipiga watoto wakila uji wa mchele, Tetsu akilia kwa sababu ya jino, Obaa akianika nguo, mvua ikinyesha kwenye bati la gereji. Na kila mwaka alipiga sherehe za chama chao cha Waokinawa kwenye ukumbi wa kukodi, siku walipopiga ngoma kubwa na kucheza yule simba wa nguo ambaye ndani yake kuna watu wawili.

Nilipoanza kutazama zile kanda nilidhani mashine ni mbovu. Ngoma ilisikika, filimbi ilisikika, lakini ngoma yenyewe huioni. Unaona wanawake wameshika watoto, mzee anafuta miwani, msichana anatikisa kichwa kufuata pigo. "Jukwaa liko wapi?" nikauliza. Obaa akasema, "Nyuma yake. Aliligeuzia mgongo. Kila mtu alipiga picha za jukwaa. Seikichi alisema ngoma ya mwaka huu ni ile ile ya mwaka jana, wanaobadilika ni wanaotazama." Akanionyesha kwa kidole. "Huyu alikuwa mwizi wa mandazi. Tazama mfuko wake." Mandazi yao ni ya mviringo, yamepasuka kama yanacheka, na kweli mfuko wa koti la yule bwana ulikuwa umeingia mafuta. "Alikufa?" nikauliza. "Alikufa. Si kwa mandazi." Tulikaa hivyo siku nyingi, nikimkanda miguu, yeye akinitajia watu mmoja mmoja, mpaka nikawajua kuliko majirani zangu wa Toongabbie.

Mwaka ule sherehe haikuweza kufanyika. Hatukuruhusiwa kwenda mbali na nyumbani, wanajeshi walipita mitaani wakigonga milango kuona kama wagonjwa wamekaa ndani, na sisi tuliotoka Kongo tulijua kwa akili kwamba wamekuja kusaidia, lakini tumbo halikujua. Mimi nilikuwa na kibali cha kazi, kwa hiyo nilitembea barabara tupu kwenda kwa Obaa nikiwa na barakoa mbili. Chama chao kikaamua kwamba, kwa kuwa ukumbi umefungwa, kila nyumba ijipige picha za kawaida, na hasa zile siku tatu za mwezi wa nane ambapo wafu wao huja kutembelea jamaa, hulishwa, kisha husindikizwa. Tetsu, aliyekuwa anaishi Brisbane na mpaka wa jimbo umefungwa asiweze kuja, ndiye aliyepewa kazi ya kuziunga zote kuwa filamu moja waitazame kila mtu kwake. Akamtumia mama yake stendi ya kuwekea simu. Obaa hakuitazama hata kidogo, akanipa mimi. "Utanipiga wewe," akasema. "Kwa njia ya Seikichi. Usiniambie nitazame. Usizime kabla sauti haijaisha."

Nilikuwa sijawahi kupiga picha ya kitu chochote isipokuwa Furaha siku ya kumaliza shule ya msingi, tena nilimkata miguu. Lakini nilijifunza. Nilimpiga Obaa akikata tofu, akipigana na kifuniko cha chupa, akimtukana waziri kwenye televisheni. Nilimpiga akisinzia. Siku moja nilifuta kipande kizuri kwa bahati mbaya, nikahuzunika, mpaka Furaha aliponifundisha kwamba kitu kilichofutwa kwenye simu hukaa kwanza mahali pa takataka na unaweza kukirudisha. Kesho yake nilimweleza Obaa jambo hilo kama habari ya ajabu. Akasema, "Basi ni kama sisi. Hatuendi mara moja." Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa nimetunza wazee wengi katika nchi hii, na wengi walikuwa wema, lakini hakuna aliyenipa kazi ambayo si ya kumfuta au kumlisha.

Mwezi wa saba mama yangu alikufa kule Uvira. Kaka yangu alinipigia asubuhi, akasema kifua, akasema hospitali haikuwa na hewa. Kwetu mtu akifiwa nyumba hujaa. Watu wanakaa chini kwenye mikeka, wanawake wanapika nje, wanaume wanacheza karata na kubishana, na usiku na mchana humwachi mfiwa peke yake hata akitaka. Mwaka ule hakuna mtu aliyeweza kuvuka mlango wangu. Kanisa walinifanyia maombi kwenye simu, vichwa vidogo vidogo ishirini kwenye kioo, kila mmoja akisema "Mama Furaha, tuko pamoja," halafu mtu mmoja akasahau kuzima sauti na tukamsikia akimwambia mumewe aangalie maharagwe. Nilicheka. Baadaye nikalala sakafuni. Kesho yake nilienda kazini, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumngoja.

Obaa aliniona mlangoni, akazima televisheni. "Nani?" akauliza. Nikasema, "Mama." Akasema, "Pole," lile neno langu, kisha akafanya jambo ambalo magoti yake yalikuwa hayajafanya kwa mwaka mzima: alishuka kwenye kochi akakaa chini sakafuni, akapigapiga sakafu kwa mkono kunionyesha nikae karibu naye. Tulikaa pale mpaka zamu yangu ikaisha. Hakusema kwamba Mungu amempenda zaidi, wala kwamba alikuwa mzee. Aliniuliza alipenda kula nini. Nikamwambia sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa kwetu, na ugali wa muhogo. Baada ya muda akauliza, "Alikuwa mkali?" Nikasema sana. "Vizuri," akasema. Kaka yangu alipotuma video ya mazishi tuliitazama pamoja kwenye simu yangu. Mpiga picha alimpiga mchungaji, akawapiga wakubwa kwenye viti vya mbele, akaipiga kwaya kutoka kila upande, na walipoinua jeneza mtandao ukakatika. "Huyu hajui kazi," Obaa akasema. Alikuwa amekasirika kweli. "Amepiga jukwaa." Nilimpenda kwa neno lile. Nasema hivi ili ijulikane kwamba kilichofuata hakikufanywa na mtu niliyemdharau au aliyenidharau.

Siku ya kwanza ya wafu wao ilipokaribia aliniagiza miwa, kwa sababu kwao miwa ndiyo fimbo ya wafu ya kutembelea na kubebea mizigo wanaporudi. Dukani haikupatikana. Rafiki yangu Mama Baraka, jirani yetu wa Toongabbie anayetoka Bukavu, alikuwa ameipanda nyuma ya nyumba yake, akanikatia miwili akanipitishia juu ya uzio. "Ni ya nini, Mama Furaha?" akauliza. Nikasema ni ya sikukuu ya Obaa. "Waambie ni miwa ya Mkongo, itawapa nguvu," akasema. Obaa aliipenda, akaisimamisha kila upande wa kabati jeusi. Alipanga nyama ya nguruwe, machungwa, nanasi, mwani uliofungwa mafundo. Halafu akasema, "Umeleta picha niliyokuambia?" Nilikuwa nimeileta, picha ya mama aliyopiga studio Uvira, kitambaa kichwani, mdomo umekazwa. Furaha alikuwa ameichapisha duka la dawa, ambako huku ndiko huchapishwa picha. Obaa akaitazama kwa muda mrefu. "Mkali," akasema. Kisha akasema, "Leo wageni wote wanafika. Mama yako huku hana pa kufikia. Atafikia wapi?"

"Obaa, sisi ni Wakristo," nikamwambia.

"Mkristo hanywi chai?"

Nilikuwa nimeweka simu kwenye stendi nikiijaribu kama iko sawa, na ilikuwa tayari inapiga picha. Iliona yote. Obaa alivuta kigoda, akaniamuru nimshike kiuno, akafungua sehemu ya juu kabisa ya kabati la vyombo akatoa kikombe kilichofungwa kitambaa. Alikijaza chai. Aliiweka picha ya mama yangu ndani ya kabati jeusi, pembeni mwa Seikichi, kwa mikono yake miwili, akakiweka kikombe mbele yake, akasema kwa Kiingereza ili nielewe, "Karibu. Safari ndefu. Binti yako ni mtu mzuri." Nilizima simu ile kwa sababu sikuweza kuona vizuri. Nilipotulia nikaiwasha tena, tukaanza sherehe yenyewe kama Tetsu alivyotaka. Obaa alichoka haraka, akarudi kwenye kochi nyuma ya stendi, na mimi kwa njia ya Seikichi nikaiacha ipige mpaka sauti iishe. Sauti haikuisha upesi. Nilipiga magoti mbele ya lile kabati nikamlilia mama yangu kama nilivyopaswa kumlilia tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kifulero, kwa sauti yote. Yalikuwa ndiyo matanga yangu. Sikupata mengine.

Furaha ndiye aliyemtumia Tetsu vile vipande, kwa sababu mimi sikujua. "This short one as well?" akauliza. Nikasema hapana, hicho kifupi ni cha majaribio, ni changu. Kile kirefu sikukitazama tena. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Tetsu atakata asivyovihitaji. Ndiyo kazi aliyopewa.

Alipiga simu nikiwa nasafisha bafu. Ilikuwa kwenye spika, lugha yao, na katikati ya maneno nikasikia jina langu, Faida, Faida, mara tatu au nne. Obaa alijibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alipomaliza akaniita nikae. Akaniambia kwamba katika kabati lile hawachanganywi watu wa damu mbili. Ni la ukoo wa mume, linakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mfu wa ukoo mwingine akiingizwa mle watu husema misiba inafuata, magonjwa, watoto wanakosekana. Nikamuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Kila mtu anajua." Nikamuuliza kwa nini basi. Akaangalia magoti yake. "Nilifikiri Seikichi hatajali," akasema. Halafu akaniambia jambo lililokuwa linamtisha kweli. Tetsu alikuwa amesema kama mama ameanza kuweka wageni kwenye kabati, basi kichwa kimeanza kwenda, na hawezi kuendelea kukaa peke yake. Alikuwa amekwisha kutaja nyumba ya wazee. Mwaka ule sote tulijua nyumba ya wazee ni nini: watoto hawaruhusiwi kuingia, wanasimama bustanini, wanaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha.

"Kile kifupi bado unacho?" akauliza.

"Ninacho."

"Kifute. Nitamwambia mwenyewe, polepole, kwa mdomo wangu. Akikiona kwenye picha atakiona vibaya."

Nilikifuta mbele yake. Alikuwa mkubwa wangu, na nilimwamini. Akainama akaangalia kioo cha simu. "Na kwenye takataka pia," akasema. Nikafuta na huko. Mara nyingi nimejiuliza kama wakati ule alikuwa amekwisha kuamua. Siku nyingine nasema hapana, alikuwa anaogopa tu, na uamuzi ulikuja baadaye. Siku nyingine nakumbuka jinsi alivyongoja mpaka kioo kikawa tupu ndipo akaegemea kochi.

Tetsu alikuwa amelalamika kwa kampuni iliyoniajiri. Msimamizi wangu akaitisha mazungumzo kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya ile meza fupi. Yeye alikuwa kwenye dirisha moja, Tetsu kwenye jingine, na mimi na Obaa tumekaa kochini na barakoa, mahali pale pale tulipotazama kanda. Kabati jeusi lilikuwa limefungwa. Picha ya mama yangu nilikuwa nimerudishiwa ndani ya bahasha. Msimamizi alikuwa mwanamke mpole, na alisema kwa upole kwamba kuna madai kuwa nimeingiza mambo ya dini yangu katika nyumba ya mteja na kugusa vitu vitakatifu bila ruhusa. Nikasema sikugusa. Nikasema Obaa mwenyewe ndiye aliyeweka picha, kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Tetsu alikuwa anamtazama mama yake. Msimamizi akasema, "Naomba tumsikie mama."

Nikageuka nikamtazama. Nilikuwa nimetulia kabisa, hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka. Nilikuwa nawaza kwamba saa sita imepita na hajala.

"Nilikuwa nimelala," Obaa akasema. "Siku ile nilichoka. Nilipoamka nikaikuta."

Kisha akanishika mkono, mbele ya kamera, akaupigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. "Faida ni mtu mzuri," akasema. "Hakujua."

Ubaya wa neno lile la mwisho ni kwamba lilikuwa kweli. Sikujua. Kama angesema mimi ni mwizi ningeweza kumjibu, ningepiga kelele, ningetoka na hasira yangu nzima. Lakini nilikaa pale mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake, nikasikia msimamizi akinishukuru kwa ushirikiano, nikasikia kwamba sitarudi nyumba hii, na kwamba watanitafutia zamu nyingine. Hazikupatikana. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni Obaa alisema, "Kula kitu kabla hujaenda." Sikula.

Kwa watu wangu nako hapakuwa na pa kukimbilia. Nilimweleza Mama Baraka juu ya uzio, nikidhani yeye atanielewa, maana alimjua mama yangu kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulipiga magoti mbele ya wafu wa watu," akasema, "na mama yako, mtu wa kwaya, ukamweka katikati yao kama supu." Nikasema haikuwa hivyo. "Na miwa yangu ilikuwepo?" Nikasema ilikuwepo. "Yesu wangu. Miwa yangu imekwenda kwa mashetani, na mimi bado naila." Alikuwa anatania nusu, lakini nusu nyingine ilifika kanisani kabla yangu, na mke wa mchungaji akanipigia kuuliza kama ningependa kuombewa. Nilikwenda kufanya kazi ghalani, Seven Hills huko huko, nikipanga mabomba kwenye makasha. Kutoka kituo cha treni njia ya ghala inapita mwisho wa mtaa wa Obaa. Sikuwahi kukata kona.

Jioni ya Jumamosi ile niliyopigiwa simu Furaha aliniambia nisiende. Alisema, "You don't owe them anything." Nikamwambia kwetu hatumziki mtu kwa sababu alitutendea vizuri, tunamzika kwa sababu amekufa. Akasema, "Sawa, Mama," kwa Kiswahili, akanipigia pasi gauni jeusi.

Nyumba ilikuwa imejaa. Viatu vilifika mpaka kwenye ngazi. Ndani watu walikuwa wanakula, wanaongea kwa sauti, mtoto anakimbia na mandazi, na kwenye televisheni ilikuwa inapita filamu ile ya mwaka wa kufungiwa, nyumba moja baada ya nyingine, vizee vikiwasha udi sebuleni kwao. Niliiona ya Obaa ilipofika. Akikata tofu. Akipigana na chupa. Watu wakacheka, mwanamke mmoja akasema mpiga picha huyu alikuwa na jicho zuri, mwenzake akamjibu bila shaka ni Tetsu, amerithi kwa baba. Kisha ikafika siku ya wafu. Kabati, miwa, nyama, moshi. Nilikuwa nimekatwa vizuri sana. Hukuweza kujua palipokatwa.

Tetsu alikuwa amezeeka. Alikuwa amehamia humu kumwangalia mama yake miaka miwili ya mwisho, akaniambia, na kwamba Obaa alifia kitandani kwake, chumba kile kile, kama alivyotaka. Nikasema nimefurahi kwa hilo, na ilikuwa kweli. Aliniongoza mpaka mbele ya kabati jeusi. Picha ya Obaa ilikuwa mezani mbele yake, maana kibao chake kilikuwa bado hakijaingizwa ndani. Akanipa vijiti vyeusi vya udi. Nikaona kwamba kama sitasema pale sitasema tena, nami sikuja kugombana, nilikuja na neno moja.

"Tetsu," nikamwambia, "picha ya mama yangu aliiweka mama yako. Hakuwa amelala."

Hakushtuka. Aliangalia kama kuna anayetusikiliza, kisha akasema, "Najua."

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Kikombe," akasema. "Kilikuwa kikombe chake cha harusi. Kinakaa juu kabisa, kimefungwa kitambaa. Hata mke wangu hajawahi kukigusa. Nilipokiona kwenye video nilijua ni yeye. Nilijua kabla sijampigia simu."

"Na kwenye mazungumzo?"

"Nilijua. Lakini alikuwa amekwisha kuniambia kwamba alikuwa amelala, ndipo nikalalamika kwa kampuni. Kama ningesema si kweli, ningemwita mama yangu mwongo mbele ya watu. Au ningekubali kwamba hajui tena anachofanya, na ningelazimika kumtoa hapa. Ilibidi awe mtu mmoja wa kubeba lawama. Wewe ulikuwa unaweza kupata kazi nyingine."

Nyuma yetu filamu ilikuwa imefika nyumba ya mtu mwingine, na mtu akaongeza sauti. Nilimtazama mwanamume yule mwenye mvi, na nikaona kwamba jambo lililomkera siku ile ya mwanzo, lile la damu na ukoo, lilikuwa limekwisha siku nyingi, na kwamba wote wawili, mama na mtoto, walikuwa wamekaa katika nyumba hii miaka miwili wakinywa chai, kila mmoja akijua, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Na mimi nilikuwa na mama," nikamwambia.

Akainamisha kichwa chini sana, kwa namna yao, akakaa hivyo. Kwetu mtu akikiri hivyo unamgusa bega, unamwambia yameisha, hata kama hayajaisha, ili aweze kunyanyua uso na watu waendelee kula. Niliwasha udi wangu kwenye mshumaa. Niliuweka kwa Obaa, nikasimama mbele yake muda unaostahili mtu mzima. Nilipogeuka Tetsu alikuwa amenyanyuka, ananitazama, anangoja lile neno la yameisha. Mama yake bila shaka alikuwa amemweleza kwamba tunalo. Nikapita kando yake, nikaenda kutafuta viatu vyangu.